Namba ya Tano Haikuwa Yangu

Niliweka namba nne za uongo kwenye kazi ya mwalimu mwenzangu, ili aumbuke mbele ya wakaguzi.

Watoto wakazitafuta. Wakakuta tano.

Nimekaa na hii habari mwaka mzima. Leo naitoa yote kama ilivyo. Wa kunitukana anitukane, mimi mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, darasa la saba, mwaka wa kumi na tisa huu. Wanafunzi wananiita Chaki, kwa sababu nikitoka darasani suruali nyeusi inakuwa ya kijivu. Ni mkuu wa idara pia. Maana yake funguo za kabati la vitabu na za chumba cha kompyuta zinalala mfukoni mwangu.

Wakaguzi wakija, darasa la kuonyeshwa lilikuwa langu. Hata kuulizana hakukuwepo.

Halafu akaja Madam Grafu.

Jina walimpa watoto, wiki ya pili tu. Mimi langu nililisubiri miaka mitatu.

Mdada wa miaka ishirini na sita, raba miguuni, begi mgongoni kama mwanafunzi. Akapewa mkondo B, wangu ni A. Binti yangu alikuwa B, maana shule yetu haitaki mzazi amfundishe mwanawe.

Ukafika muhula wa takwimu.

Mimi takwimu nafundisha hivi: fungueni ukurasa wa mia na kumi na mbili, kuna mkulima ana ng'ombe ishirini, uzito wao huu hapa, tafuteni wastani. Miaka kumi na tisa ng'ombe ni wale wale. Hawanenepi wala hawakondi.

Yeye kitabu hakukigusa. Aliwaambia watoto watunge maswali yao. Unatembea dakika ngapi mpaka shule? Nyumbani mko wangapi? Kwa usiku mmoja unalala masaa mangapi? Chini ya kila swali pana mstari wa kueleza kidogo.

Ikawa dodoso. Kila mtoto karatasi yake, haina jina, juu ina namba tu. Wakajaza, wakatumbukiza kwenye boksi la viatu.

Kisha wakahamia chumba cha kompyuta, kuingiza majibu kwenye jedwali, kisanduku kwa kisanduku. Ukibonyeza hapa, wastani unatoka wenyewe. Ukibonyeza pale, nguzo za rangi zinapanda kwenye skrini.

Nilikuwa nasikia vicheko kupitia ukutani.

Upande wangu, mtoto mmoja amelala mdomo wazi juu ya ng'ombe wangu.

Roho iliniuma, sitadanganya. Iliniuma vibaya, ile ya kukaa ofisi ya walimu unakunywa chai huku unahesabu ni wangapi wamemsalimia yeye kwanza.

Nilikuwa najiambia ni mbwembwe tu. Ngoja mtihani uje.

Mtihani ukaja. Mkondo B wakatupita alama kumi na moja.

Lakini kilichonimaliza kabisa kilikuwa nyumbani.

Nyumbani tuko wanne. Mke wangu ni nesi, na mwaka jana wote alikuwa zamu ya usiku. Mama yangu mzazi anaishi nasi tangu baba afariki, analala chumba kimoja na binti yangu. Na mimi, ambaye nikiweka kichwa kwenye mto ni gogo. Mtu anaweza kubomoa nyumba nisisikie.

Mezani binti hakuwa na habari nyingine.

"Baba, Madam anasema wastani unaweza kudanganya."

"Wastani haudanganyi. Ni hesabu."

"Anasema kama watu tisa wana ndizi moja moja na mmoja ana mia..."

"Kula chakula."

Akala. Baadaye kidogo kichwa kikamwinama juu ya sahani, macho yamefumba. Mama yangu akamgusa bega taratibu.

"Huyo Madam wenu anawachosha na makompyuta yake," nikasema.

Binti akaniangalia, akarudi kwenye sahani yake.

Mtoto niliyemfundisha kuhesabu kwa vifuniko vya soda, leo ananisahihisha kwa maneno ya mtu mwingine. Niliona kama nimeibiwa.

Wiki ile ile mwalimu mkuu akatuita ofisini. Wakaguzi wanakuja Alhamisi, akasema. Wataangalia somo moja la hesabu.

Nikaanza kujiweka sawa kwenye kiti.

"Nimeona Madam awaonyeshe ile kazi ya dodoso," akasema. "Chaki, wewe utakaa nyuma na wageni. Mtu mzima unawakilisha idara."

Yaani mimi niwe pambo.

Nikacheka, nikampongeza mwenzangu, nikampa mkono. Macho yake yalionyesha anaogopa. Hilo nalo likanikera. Angalau angejidai, nipate sababu nzuri ya kumchukia.

Jumatano alasiri watoto walipomaliza kuingiza majibu yao ya mwisho, nilisubiri chumba cha kompyuta kiwe kitupu. Nikafungua kwa ufunguo wangu, nikaingia kwa akaunti yangu ya mkuu wa idara.

Saa tisa na dakika arobaini. Naikumbuka.

Jedwali lilikuwa pale. Wanafunzi arobaini na wawili, mistari arobaini na miwili. Nikaenda kwenye safu ya usingizi. Palipoandikwa nane nikaweka arobaini na tano. Tisa nikaifanya thelathini. Saba nikaifanya sifuri. Nyingine nikaifanya kumi na tisa.

Nne tu. Sikutaka iwe nyingi, ionekane ni uzembe wake. Wastani utoke wa ajabu mbele ya wageni, akose pa kujificha.

Kwa kuwa nilikuwa na haraka, safu yote sikuisoma. Niligusa visanduku vinne, nikahifadhi, nikatoka.

Nilitembea kwenda nyumbani napiga mluzi.

Alhamisi. Wakaguzi wawili, mwanamke na mwanamume, kila mmoja na daftari lake. Mimi katikati yao, shati jeupe, kiatu kinang'aa.

Madam Grafu akawasha skrini kubwa. Jedwali likatokea.

"Leo sifundishi," akawaambia watoto. "Leo nataka mnitafutie majibu yasiyowezekana. Kabla hujapiga hesabu yoyote, zikague namba zako kwanza. Mna dakika tano."

Nikakaza macho kwenye mstari wa nne.

Mikono ikaanza kupanda.

"Madam, mstari wa nne. Arobaini na tano. Usiku gani huo?"

Darasa likacheka. Mkaguzi wa kike akacheka pia.

"Mstari wa kumi na moja, thelathini."

"Mstari wa ishirini, sifuri. Huyo popo."

"Mstari wa thelathini na tatu, kumi na tisa."

Zimeisha, nikasema moyoni. Zote zangu zimepatikana, na somo linazidi kunoga. Mkaguzi wa kiume alikuwa anaandika kwa kasi, uso umemfunguka. Nimempikia mwenzangu chakula kitamu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kisha mtoto wa dawati la mbele akasimama.

"Na mstari wa kumi na saba, Madam. Mbili."

Mbili?

Mbili sikuweka.

Nilijaribu kukumbuka. Mstari wa nne, wa kumi na moja, wa ishirini, wa thelathini na tatu. Sikugusa kumi na saba. Nikamtazama Madam. Nikahisi amejua, ameongeza yake, ananitega.

"Sawa, tuna tano," akasema Madam. "Tutajuaje ukweli?"

"Karatasi," wakajibu wote.

Boksi la viatu likaletwa. Karatasi namba nne ikasomwa: nane. Wakarekebisha. Kumi na moja: tisa. Ishirini: saba. Thelathini na tatu: nane. Kila ikirekebishwa, nguzo kwenye skrini zinashuka na kukaa mahali pake.

"Kumi na saba."

Mtoto aliyeishika aliinyanyua, akaisoma mara mbili.

"Ni mbili kweli, Madam. Imeandikwa mbili. Na ameeleza."

"Ameeleza nini?"

"'Namshikia bibi mlango.'"

Wachache wakacheka. Madam aliinua kiganja chake, wakanyamaza.

"Hatucheki namba ya mtu," akasema. "Karatasi hazina majina, na zitabaki hivyo. Hii haikukosewa. Hii ni ya kweli, na ya kweli hatuifuti hata kama inaharibu mchoro wetu. Mpelekeeni mwalimu nyuma aithibitishe, kisha irudi kwangu."

Mwalimu wa nyuma ni mimi.

Karatasi ikanifikia. Ile mbili ilikuwa na mkia uliojikunja. Huo mkia niliufuta mara ngapi kwenye madaftari ya nyumbani, nikisema mbili haivai hereni.

Niliinua macho. Binti yangu alikuwa dawati la tatu upande wa dirisha. Alikuwa anaangalia meza yake, hanyanyui uso.

Mkaguzi akaninong'oneza, "Ni sahihi, mwalimu?"

"Ni sahihi," nikasema.

Somo lilipigiwa makofi. Mimi sikumbuki lilivyoisha.

Jioni nilimkuta binti uani anaanua nguo. Nikaanza kuanua naye, sijui niingilie wapi.

"Ile karatasi nimeijua," nikasema.

Akakunja shati langu taratibu.

"Bibi huwa anaamka," akasema. "Anataka kwenda kwao. Anasema babu anamsubiri. Nikimwambia babu alishafariki analia upya, kwa hiyo nimeacha kumwambia. Nasimama mlangoni, tunapiga stori mpaka asahau."

"Kila siku?"

"Karibu kila siku. Kukikaribia kucha ndiyo analala."

"Tangu lini?"

"Tangu shule zifunguliwe."

Miezi miwili na nusu. Ukuta mmoja kutoka kitandani kwangu.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Asubuhi anakuwa mzima, ananiomba nisiseme. Anaogopa mtampeleka kwa shangazi." Akaanua nguo nyingine. "Na wewe, baba, kila nikitaka kuongea nawe unaniuliza Madam kafanya nini leo."

Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alichosema kilikuwa kweli tupu. Kila jioni nilimhoji mtoto wangu kama mpelelezi, na hakuna hata swali moja lililomhusu yeye.

Mke wangu nilimweleza alfajiri aliporudi kazini. Alilia, kisha akavua sare akaanza kupanga. Nesi ni nesi. Wiki hiyo tulimpeleka mama kliniki. Wakatupa jina la ugonjwa huo wa kusahau, wakatuambia hautapona ila unaweza kuzoeleka. Nikahamishia godoro langu chumbani kwa mama, nikalilaza mbele ya mlango. Akitaka kutoka lazima anikanyage, na nikikanyagwa hata mimi huamka. Binti akalala sebuleni mwezi mzima, analala mpaka anakoroma.

Lilibaki moja.

Jumatatu nilimfuata Madam Grafu chumba cha kompyuta. Nikafunga mlango.

"Zile namba nne," nikaanza.

"Zako," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi yake. "Jedwali linahifadhi muda na akaunti ya aliyebadilisha. Akaunti ya mkuu wa idara, saa tisa na dakika arobaini. Niliziona Alhamisi asubuhi."

"Ukaziacha?"

"Nilikaa hapa nikalia kwanza. Kisha nikasema, kumbe hili ndilo somo lenyewe. Nisingeweza kutunga makosa mazuri kama yale." Ndipo akaniangalia. "Ila ile mbili nilidhani mtoto amekosea kuingiza. Nilipoona karatasi ndipo nikaogopa. Nimejaribu kumtafuta huyo mtoto kimyakimya, sijampata. Nilitaka nikuombe wewe msaada. Wewe unawajua watoto kuliko mimi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko tusi.

"Nimeshampata," nikasema. "Ni wangu."

Hakuuliza swali. Alivuta kiti cha pili, akanisogezea.

Kwa mwalimu mkuu nilikwenda mwenyewe. Nilipata barua ya onyo, iko kwenye faili langu mpaka leo. Ukuu wa idara nikaukabidhi pamoja na funguo. Nani aliupata? Mnamjua. Siku anakabidhiwa nilimpa mkono tena. Kijiwivu kidogo bado kilinichoma, nisiseme uongo. Hakiishi siku moja. Lakini sasa kikinijia nakijua sura.

Muhula huu nimewaacha ng'ombe wakapumzike. Mkondo A nao wana dodoso lao, na mchoro wa nguzo bado unanishinda, wananisaidia wao. Wananicheka kidogo. Siyo mbaya.

Somo langu ni hili, na sina lugha ya kulipamba. Wivu haukunifanya nimwone mwenzangu vizuri zaidi, ulinifanya nisiwaone wangu kabisa. Kama na wewe yupo mtu kazini ambaye habari zake umezijaza kichwani, leo ukifika nyumbani usimtaje. Uliza tu, "Mmelalaje?" Kisha nyamaza, usubiri jibu, hata likichelewa.