Injini Iliyozimika kwa Bibi Milembe

Naikumbuka siku ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka hasira inanipanda upya. Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye boti ya baba mdogo Masanja, tukibeba abiria na dagaa ziwani kutoka kijijini kwetu kwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Injini yake aliinunua ikiwa imeshachakaa, lakini ukimsikia akiisifia ungedhani ameizaa yeye.

Injini hiyo ikaanza tabia moja. Asubuhi inawaka vizuri tu, kisha tukifika mbele ya mawe alipokuwa akiishi Bibi Milembe, inazima. Unavuta kamba mpaka bega linauma, kimya. Tunapiga makasia hadi ufukweni kwake, naye mjane wa watu anatutolea maji na matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Tunakula, tunapiga soga, tukirudi kuvuta kamba, injini inawaka. Basi wenye akili zao wakapata jibu: bibi anaifunga kwa uchawi, akishatulisha anaifungua. Tena ana macho mekundu. Mwanangu, mwanamke aliyepikia kuni maisha yake yote, walitaka macho yake yawe ya rangi gani? Kweli shukrani ya punda ni mateke.

Na usidhani hatukuambiwa. Fundi mmoja wa Igoma alikwisha kumweleza baba mdogo kwamba tatizo ni sensa, kidude kilichokaa chini ya gurudumu la injini, kinachotoa habari ya lini plagi ipige cheche. Kikizeeka, kikipata joto kinakata moto, kikipoa kinarudi kazini. Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Akasema sensa anayoijua yeye ni ya kuhesabu watu, na injini yake haina mke wala watoto. Akanunua plagi mpya, akabadilisha mpira wa mafuta, akaipaka na rangi. Alibadilisha kila kitu isipokuwa kile alichoambiwa.

Maneno yalianza ndani ya boti kama utani, yakapanda nchi kavu, yakaota meno. Mwisho ukaitishwa mkutano ufukweni, mbele ya nyumba ya baba mdogo mwenyewe: Bibi Milembe ahame, asipohama nyumba yake ichomwe moto. Wewe ni mtoto wa huku, unajua maneno ya namna hiyo yamewafikisha wapi bibi zetu.

Bibi alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Vijana waliokuwa wakizungumza habari ya kiberiti wakamwamkia shikamoo, naye akawaitikia marahaba, mmoja mmoja. Kisha akamgeukia baba mdogo.

"Masanja, washa injini yako hapa hapa. Usiende popote. Iache ingurume, sisi tukae."

Baba mdogo akaiwasha, boti ikiwa imefungwa kwenye kigingi mbele ya mlango wake. Ikanguruma. Tukakaa. Nikamwona anaanza kutabasamu, anawatazama watu kama mtu aliyeshinda kesi. Tabasamu lenyewe halijaisha, injini ikakohoa, ikazima. Akavuta kamba, akavuta tena, kimya.

"Haya," bibi akasema, "na hapa ni kwangu?"

Akatuambia kwamba siku zote tukifika kwake injini imechemka, na kwamba asubuhi za mvua na baridi tunampita bila kusimama. Alidhani watu wazima wataliona hilo wenyewe. "Sasa ngojeni ipoe," akasema. "Leo sikubeba matobolwa." Ikapoa, ikawaka, na mkutano ukajivunja wenyewe, kila mtu akakumbuka kwamba ana kazi.

Baba mdogo akaenda Igoma, shingo upande. Fundi alifungua gurudumu, akatoa sensa iliyokufa, akaweka nyingine, akapima nafasi yake kwa makini, akaunganisha nyaya. Ni kazi ndogo, na kidude chenyewe kinaenea kiganjani. Kwa ajili ya kitu kile tulikuwa tayari kumchomea mwanamke nyumba!

Lakini kinachoniudhi mpaka leo ni kilichofuata. Injini ilipopona, tukawa tunapita mbele ya mawe yale kwa kasi, hatusimami tena. Baba mdogo hakwenda kumwomba radhi, na ile habari ya uchawi hakuna aliyeifuta. Watoto wakaendelea kumkimbia. Haukupita muda mrefu, bibi akafunga mizigo yake akahamia kwa binti yake Misungwi. Hakufukuzwa na mtu. Alisema amechoka kula peke yake.

Sasa nikurudie wewe. Juzi nimekusikia pale Mwaloni, mbele za watu, ukisema injini yako inazimika ziwani kwa sababu ya jicho la mama jirani yako. Niliona aibu nikashika njia ya nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Injini ikikata moto ikichemka, ikawaka ikipoa, mwite fundi aitazame sensa, wala usilicheke neno kwa sababu umelizoea kwa maana nyingine. Lakini hilo la fundi ni la kesho. Leo nenda kwa yule mama. Umwamkie, ukae, ule atakachokupa, umwombe radhi, kisha urudi Mwaloni useme mbele ya wale wale kwamba ulikosea. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Injini ina spea, jina la mtu halina.

Nenda, Mungu akutangulie majini na nchi kavu. Akupe injini inayowaka asubuhi, na mlango wa jirani usiofungwa ukipita.