Nilitupa habari ya virusi na saratani ya matiti kwa group, dadangu akatengewa sahani

Wakuu, salamu kutoka Migori. Haya nayasimulia yakinichoma mimi kwanza, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mimi ni mtu wa Suna, nauza spea za pikipiki. Mdomo ninao. Kwenye group ya familia mimi ndiye daktari, mimi ndiye wakili.

Dadangu Akinyi ameolewa Mbita, anakaanga samaki sokoni. Mwaka jana alipatikana na saratani ya titi. Bahati nzuri iligunduliwa mapema. Daktari wake Homa Bay alimwambia akifuata matibabu bila kuruka, ana nafasi nzuri ya kupona.

Sasa siku moja nikaona mtandaoni kwamba wanasayansi wanachunguza kama kuna virusi vinavyochangia saratani ya matiti.

Wanachunguza. Hilo neno nililiruka.

Nikaitupa kwa group na maneno yangu juu: "Kumbe hii kitu ni virusi! Watu wachunge." Nusu ya habari yenyewe sikuwa nimesoma.

Na mnajua sisi watu wa ziwa tumezika wangapi kwa ajili ya kirusi kingine, kile cha Ukimwi. Ukilitaja neno hilo huku, hakuna anayengoja maelezo.

Shemeji, mume wa Akinyi, alikuwa kwa group. Akamsomea mama yake.

Wiki haikuisha, Akinyi akawa na sahani yake ya kijani, na kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye sikio kisichanganywe na vingine. Sokoni wateja wakahamia kwa jirani.

Nilikuja kujua nilipompigia kuuliza clinic inaendaje. Akasema ameruka mara mbili na harudi tena, kwa sababu akipanda gari ya Homa Bay watu wananong'ona.

"Omera, ndugu yangu, afadhali nife na jina langu."

Wueh. Nilikaa kwa duka, mteja anaulizia plagi, mimi simsikii. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona. Nikaapa huyu mtoto wa mama hatakufa kwa mdomo wangu.

Kesho yake nilifunga duka, nikaenda Mbita, nikawachukua yeye na shemeji hadi Homa Bay. Daktari, mama mmoja mpole, nilimuuliza habari ya virusi mbele yao wote wawili.

Akaeleza taratibu. Saratani ya mlango wa kizazi, kirusi chake kinajulikana na chanjo ipo. Ya matiti bado wanatafuta, hakuna aliyethibitisha. Kisha akamgeukia shemeji.

"Hata wakikipata kesho, saratani ya mke wako haiambukizwi kwa sahani. Kitakachomuua ni kukosa dawa."

Tukarudi Mbita. Mama mkwe wa Akinyi alikuwa amenichinjia kuku. Kwetu ndugu wa mke akikataa chakula, ni aibu ya boma zima.

Nilinawa mikono, kisha nikaiweka magotini.

"Mama, leo nitakula kwa sahani ya Akinyi."

Shemeji akaangalia chini. Sahani ya kijani ikaletwa. Nikamega ugali na dadangu, tukala kuku wote, nikanywa maji kwa kile kikombe mpaka mwisho. Halafu nikamwambia mama ukweli, kwamba ule uvumi niliuanzisha mimi, na nikaomba msamaha.

Alikichukua kikombe akahangaika na fundo, likakataa. Akalipeleka sikio la kikombe mdomoni, akaukata uzi kwa meno.

Akinyi alilia. Na mimi pia, sitaki kuficha.

Hajaruka clinic tena. Mimi ndiye ninayempeleka, na kwa group nilirekodi sauti nikajikosoa, wacha wacheke.

Nilichojifunza: habari ya wanasayansi isome mpaka chini kabla ya kuitupa, kwa maana kuna mtu upande wa pili anaosha sahani yake peke yake.

Kama nawe uliwahi kurusha kitu kama hicho, sema hapa. Lakini kwanza nenda ukale na yule uliyemuumiza.