Vibanio vya Miti vya Baba

Enzi zetu pale Kasenga, mtoto wa fundi wa boti ulimtambua kwa viganja. Vyangu vilinuka mawese na maranda ya mbao, hata shuleni, hata kanisani. Wenzangu waliruka kamba. Mimi nilifunga vibanio vya baba. Kila kimoja kilikuwa miti miwili migumu iliyofungwa kamba katikati. Ukipigilia kabari nyuma, midomo ya mbele inauma mbao, haziachani mpaka misumari iingie.

Siku moja mwenye boti tuliyokuwa tukiiunda, muuza ndagala, vile vidagaa vya ziwani, alituletea vibanio vya chuma vya dukani.

"Fundi, acha vijiti. Hivi ndivyo vya kisasa."

Baba hakubishana na mgeni. Akavifunga. Lakini pale mbele, ambapo ubao unapindwa sana, kimoja kiliteleza, vingine vikafuata. Ubao ukaanza kujikunjua. Baba akaukumbatia kwa kifua. Ulikuwa umeteremshwa kutoka milimani kwa mabega ya watu, na hatukuwa na mwingine wa urefu ule. Mjomba, aliyekuwa akimsaidia kazi, alishika upande wa nyuma, hakuweza kuachia.

"Mama, leta kibanio yetu!" baba akaniita, maana ndivyo alivyozoea kuniita mimi bintiye. Nilikuwa na miaka kumi.

"Mutoto mwanamuke ataweza?" mjomba akauliza.

"Ataweza. Ni minye nilimufundisha. Piga!"

Nyundo ya kwanza ilitua kwenye kidole changu. Nilimeza kilio, nikapiga tena, na tena, mpaka kamba ikalia na ubao ukarudi taratibu mahali pake. Nikafunga cha pili, cha tatu. Hapo ndipo baba alipoachia, kifua kimechubuka, akicheka.

Muuza ndagala aliokota vyuma vyake. Boti iliposhushwa ziwani haikuvuja hata tone, naye akawatangazia watu wote ufukweni, "Fundi mwenyewe ni huyu mudogo!" Jioni ile mama aliniwekea samaki mzima wa mukeke kwenye bugali, sahani yangu peke yangu. Kwa nyumba ya watoto saba, hiyo ilikuwa zaidi ya diploma.

Leo wanangu wakibana kitu, ni waya wa chaja usichomoke kwenye simu. Nikiwasimulia, wananiuliza picha iko wapi. Picha hatukupiga, mikono yetu sote ilikuwa kwenye ubao.