Bosi Alitaka Paa, Tukampa Paa Juu ya Paa

Nimeshafukuzwa kazi kwa sababu nyingi, na nyingi zilikuwa za haki. Lakini kufukuzwa mbele ya umati, kwenye kipaza sauti, kwa ajili ya mnyama wa chuma aliyekaa juu ya bati? Hiyo ni mimi peke yangu.

Kaeni vizuri niwasimulie. Mashahidi wapo, ingawa wengi wao walikuwa na miaka minne.

Mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Kazini wananiita Mama Cheche. Sina mtoto anayeitwa Cheche, cheche ni zile zinazoruka nikiwasha mashine.

Nafanya kazi kwenye uwanja wa burudani. Tuna gurudumu kubwa la kuzungusha watu angani, tuna magari ya kugongana, na tuna treni ya kushuka kwa kasi, ambayo wakati huo ilikuwa inashuka kwa huruma ya Mungu tu.

Uwanja ulikuwa umechoka. Wale wapenzi waliokuwa wanakuja kubusiana juu ya gurudumu walishaoana, wakazaa, na watoto wao hawakuwa na cha kupanda. Treni ya wakubwa. Gurudumu la wakubwa. Mtoto akija anaishia kushikishwa mkoba wa mama yake na kulia.

Basi bosi akanunua kiwanja cha jirani. Akatuambia tutaongeza bustani ya watoto, ubavuni mwa uwanja wa zamani, ili familia zikija kwa ajili ya watoto, wazazi wapitie na huku.

"Ikibuma," akasema, "nauza vyote viwili. Kila mtu arudi kwao."

Kwetu ni chumba kimoja cha kupanga, chenye mume ambaye mgongo ulishamkatalia kazi, na wanangu wawili wanaokula kama wanashindana. Kazi ile ndiyo iliyokuwa inatulisha wote. Na nani mwingine angemwajiri fundi wa kike mwenye mdomo kama huu wangu?

Sasa huyo bosi.

Tulimwita Chapchap. Hajawahi kukaa mahali mpaka chai ikapoa. Leo yuko safarini, kesho yuko safarini zaidi. Alituongoza kwa ujumbe wa sauti kwenye simu: kelele za abiria nyuma, maneno kumi, kwisha.

Na alikuwa na sheria moja. Usiulize.

"Ukiniuliza swali, maana yake huijui kazi," alikuwa akisema. "Na kama huijui kazi, mlango unaujua."

Fundi wa umeme aliwahi kumuuliza waya upite wapi. Akapita yeye.

Siku moja ukaja ujumbe. Nilikuwa na Mzee Msumari, seremala wetu, mzee ambaye nadhani alizaliwa na nyundo mkononi. Tukainamia simu yangu mpaka vichwa vikagongana.

"Mafundi! Bustani ya watoto, mada nimepata. Nimempigia mtoto wangu mwenyewe nikamuuliza, maana hawa ndio wateja. Mada ni paa! Mtoto akiingia aone paa. Akigeuka aone paa. Akilala aote paa. Nikirudi ni ufunguzi. Chapchap!"

Ujumbe ukaisha hapo.

"Umesikia, binti?" Mzee Msumari akauliza.

"Nimesikia, mzee wangu."

"Kazi nyepesi hiyo."

"Nyepesi kabisa."

Tukaachana, huyu upande huu, huyu upande ule. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku ile kila mmoja alichana za kwake.

Kwangu mimi, paa ni paa. Yule mnyama, ndugu yake swala, miguu kama vijiti na macho ya kuomba msamaha. Nikasema bosi kumbe naye ana akili, watoto si wanapenda wanyama! Nikakata mabomba, nikakunja nondo. Nikatengeneza paa wa kupanda, paa wa kubembea, na paa mmoja mkubwa mwenye mtelezo unaoanzia mgongoni. Nilimpaka rangi mpaka nikatamani kumpeleka nyumbani.

Kwa Mzee Msumari, paa ni kile kitu kinachozuia mvua. Akajenga vijumba vifupi vya watoto, vya kufika kifuani mwangu, na juu ya kila kimoja akaweka ufundi wake wote. Paa la bapa, paa la mgongo, paa la duara. Kiwanja kikajaa mapaa.

Najua mnachotaka kusema. Kwani hamkuonana?

Tulionana kila siku! Mimi nilipoona vijumba vyake nikajua ni mabanda ya wanyama wangu. Nikasema mzee ana huruma, hataki hata chuma kilowe. Yeye alipoona wanyama wangu akajua ni mapambo. Akasema binti anapenda makuu, lakini mradi anafanya kazi, mwache.

Mpaka mchana mmoja akaja amejifunga kamba kiunoni.

"Binti, hawa mbuzi wako wanakaa wapi?"

"Si mbuzi hao, mzee."

"Haya, hao wasio mbuzi. Wanakaa wapi?"

"Wewe si ulimsikia bosi? Alisema paa."

"Paa?"

"Paa, mzee. Kila mahali."

Akaguna, akatikisa kichwa kama mtu aliyeshawishika. "Basi nimeelewa."

Niliporudi kutoka kula, mzee alikuwa ameshaita watu na wamewapandisha wanyama wangu wote juu ya vijumba vyake. Wamefungwa kwa skrubu, imara, hata tembo hawatoi. Yule mkubwa mwenye mtelezo alikuwa juu ya paa la duara, anaangalia gurudumu kwa dharau.

Nilishangaa, sitawadanganya. Ila ilipendeza. Nikasema labda bosi amemtumia mzee ujumbe mwingine. Nikachukua simu nimuulize bosi, nikamkumbuka fundi wa umeme, nikairudisha mfukoni.

Siku ya ufunguzi watu walifurika. Tulikuwa tumeizungushia bustani kitambaa kirefu, na watoto walikuwa wanachungulia chini yake huku wazazi wakiwavuta miguu. Chapchap akashuka kwenye gari moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, suti, miwani ya jua, simu mkono huu, kipaza sauti mkono ule.

"Wazazi! Watoto! Leo nawaletea... paa!"

Kamba ikavutwa. Kitambaa kikaanguka.

Bosi akawaangalia wanyama. Akaviangalia vijumba. Akaniangalia mimi.

"Fundi," akasema taratibu, "roketi ziko wapi?"

"Roketi zipi, bosi?"

Lilikuwa swali. Nililijutia kabla halijaisha mdomoni.

"Paa! Kupaa! Mtoto apae! Ndege, maputo, roketi! Nasema paa, mnaniletea mbuzi juu ya nyumba?"

"Anasema si mbuzi," Mzee Msumari akanitetea. "Ingawa ni kitu gani, hata mimi sijui."

"Ni paa!" nikasema.

"Paa ni hili walilolikalia!" mzee akashangaa.

"Nyamazeni! Wote wawili mmefukuzwa! Na nauza! Uwanja, bustani, mbuzi, kila kitu!"

Kipaza sauti kilikuwa kimewashwa. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Mimi sikucheka. Niliwaona wanangu, niliona sahani zao, na nilimwona mume wangu akijifanya hana njaa. Machozi yakanilenga palepale mbele za watu, mimi niliyezoea kujifanya mgumu.

"Mtoto mdogo alisema neno moja," bosi akaendelea kufoka. "Neno moja! Na watu wazima wawili wameshindwa kulielewa!"

"Alisema neno gani?"

Alikuwa mke wake. Amesimama mbele, mtoto wao wa kike begani, hata miaka miwili hajafikisha.

"Paa! Si ulikuwepo? Nilipiga simu ya video, nikamuuliza mwanangu, nikujengee bustani ya nini? Akanyoosha kidole akasema paa! Paa, paa!"

Mke akamweka mtoto vizuri begani. Kisha akacheka, lakini si kicheko cha furaha.

"Baba watoto, huyu hajaweza kutamka B. Akimwita bibi yake anasema 'pii'. Sasa wewe unadhani baba anamwitaje?"

Umati wote ukatoa "eeeh" moja.

Bosi akavua miwani. Akamsogelea mtoto, akainama. "Mwanangu. Ni mimi. Ni paa."

Mtoto akamwangalia yule bwana wa suti, akaficha uso shingoni mwa mama yake. Bosi akanyoosha mikono ambebe. Mtoto akapiga yowe ambalo treni yetu haijawahi kupigiwa.

Halafu akaiona simu mkononi mwa bosi. Kilio kikakatika.

"Paa!" akasema, akaielekezea kidole.

Bosi akaihamishia mkono mwingine. Kidole kikaifuata. "Paa! Paa!"

"Anakujulia kwenye kioo," mke akasema, sauti chini. "Nje ya kioo hakujui."

Nimekunja vyuma vingi, ila sijawahi kuona kitu kikikunjika kama uso wa yule bwana. Nilikuwa na hasira naye, lakini hapo nilimhurumia kweli.

Hakuna aliyejua la kufanya, isipokuwa Mzee Msumari. Alikuwa na fremu ya dirisha la kijumba aliyokuwa hajaipachika. Akamwendea bosi, aliyemfukuza dakika moja tu iliyopita, akaipachika usoni pake.

"Shika hapa, bosi. Usiulize."

Bosi akashika. Mtu mzima na suti yake, uso ndani ya fremu ya mbao, tai imepinda.

Mtoto akatulia. Akachungulia upande huu wa fremu, akachungulia upande ule.

"Paa?"

"Paa," bosi akajibu.

Mtoto akanyoosha mkono kugusa kioo. Kioo hakikuwepo. Mkono ukapita, ukamkamata pua. Yule mtoto alishtuka, kisha akacheka kwa nguvu sana, akaivuta ile pua kana kwamba anataka kuondoka nayo.

Mimi nililia. Mke wa bosi alilia. Mzee Msumari alisema ni vumbi la mbao.

Watoto wengine hawakusubiri tumalize kulia. Walishapita juu ya kile kitambaa, wako juu ya vijumba, wamewapanda wanyama wangu, wanateleza na kupiga kelele. Muda si mrefu bosi naye akapanda ngazi na mwanawe, fremu ikining'inia shingoni. Kabla ya kupanda alinikabidhi simu.

Ikaita. Nikapokea.

"Bosi yuko wapi?" mtu akauliza.

"Yuko juu ya paa."

"Juu ya paa anafanya nini?"

"Amekaa juu ya paa."

Akakata.

Kuhusu kazi, hakuna aliyenirudisha rasmi. Kesho yake nilikuja, nikavaa miwani yangu, nikawasha mashine, na mpaka leo mimi ni mtu aliyefukuzwa anayelipwa kila mwezi. Bustani imejaa, na treni ya zamani imepata breki mpya. Chapchap bado ni Chapchap, lakini sasa anatoa maagizo akiwa amembeba mtoto, na akimaliza anatuuliza: "Mmeelewa nini?"

Funzo ni fupi. Kabla hujamjengea mtoto dunia, hakikisha hakuwa anakuita wewe. Wewe ni rahisi kuliko bustani, na huhitaji hata kuchomelewa.

Na kama umesoma hadi hapa huku kuna mtoto anakuvuta nguo, weka simu chini. Mimi nimemaliza.