Ngurumo na Wimbo wa Kumi

Wateja walimwita Ngurumo, ingawa kinyozi mwenyewe alikuwa mtulivu kama maji mtungini. Jina lilitoka kwenye redio iliyokaa juu ya kabati la mashine zake. Humo ilizunguka sidii moja tu, mwaka nenda mwaka rudi: muziki wa metali wa bendi fulani ya ng'ambo, magitaa yakinguruma, ngoma zikikimbizana, mara vinanda na kwaya nzima vinaingia, utadhani ibada imevamiwa na radi.

Ole wako uite makelele. Nyimbo zote kumi, alisema, ni hadithi moja: mjenzi wa minara anamfukuza binti yake kwa hasira, kisha anafunga safari kumtafuta. Alikuwa ameyasoma maneno kwenye kijitabu cha sidii, kamusi pembeni, enzi hizo binti yake mwenyewe bado anatambaa. Sasa alimsimulia kila anayekaa kitini. Nyimbo zilikuwa ndefu ajabu. Mmoja unamaliza kidevu, mbili kichwa kizima. Ukitaka kujua mjenzi alifika wapi, sharti urudi nywele zikiota. Watu walirudi, hata wenye vipara.

Nyuma ya pazia mkewe alisuka wanawake. Muziki ule aliuvumilia kama unavyovumilia mkoromo wa mtu unayempenda. Kilichomkaa rohoni ni kingine. Binti yao wa pekee aliacha chuo cha uhasibu akaenda kuendesha lori, na babake akamwambia asikanyage tena pale mpaka akili imrudie. Binti hakukanyaga. Mama aliongea naye kwa simu, na kila simu ilipoita, baba alijifanya anatafuta kitana.

Siku za mwizi ni arobaini. Jumamosi moja seremala na karani mstaafu wa posta walikaa benchi moja wakingoja zamu. Seremala akasema ni heri mjenzi alimkuta bintiye njiani wakarudi pamoja. Karani akamtazama kwa huruma. Mjenzi alifia safarini, akasema, na binti ndiye aliyekuja kumzika. Dereva wa teksi, povu kidevuni, akawaambia wote wamepotea: binti ni malkia, na baba anamjengea mnara. Wakabishana mpaka wanawake waliokuwa wakisukwa wakachungulia, kisha wote watatu wakamgeukia Ngurumo.

Ikabidi aweke wembe chini aseme kweli. Wimbo wa kumi haulii. Sidii aliinunua mtumba, imekwaruzika, na ukurasa wa mwisho wa kijitabu ulikuwa umeshachanika. Mwisho alikuwa akiutunga mwenyewe, kila mtu na wake, kwa kadiri alivyomwona anahitaji. Seremala akacheka mpaka akashika mbavu. Dereva akajitolea kuutafuta wimbo huo kwenye simu yake, Ngurumo akamkatalia katakata. Karani, ambaye alikuwa amefiwa na mwanawe mwaka ule, akainuka benchini. Alimshika kinyozi bega tu, kisha, zamu yake ilipofika, akakaa kitini anyolewe.

Jioni Ngurumo akawa anafagia. Mkewe akavuta pazia. Alikuwa ameyasikia yote.

"Na mimi, mwisho wangu ni upi?"

Ngurumo akaendelea kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. "Wako najaribu kila siku, mke wangu. Hautungiki."

"Basi usitunge. Mpigie."

Akamnyooshea simu yake, imeshaanza kuita. Ngurumo alimpenda mwanamke yule kuliko kitu chochote duniani, na saa ile alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaipokea kwa mkono uliojaa nywele za watu. Upande wa pili injini kubwa ilikuwa ikinguruma, kisha ikazimwa.

"Shikamoo, mama," sauti ikasema.

Ngurumo akaegemeza ufagio ukutani. "Ni mimi, baba yako. Uko wapi, mwanangu? Nije."