Magoti ya Kwetu

Mtu akinenepa siku hizi, kila mpita njia anageuka daktari wake. Acha chapati, tembea, jikaze. Maneno hayo yananiudhi, na sababu ninayo. Nilikulia Same, katika nyumba ambamo wanawake wawili waliozaliwa tumbo moja walikonda pamoja kwa chakula cha chungu kimoja. Mmoja akapona magoti, mwingine akaitwa mwongo. Aliyeitwa mwongo ni mama yangu. Aliyemwita hivyo ni dada yake, Mama Mkubwa wangu, mwanamke niliyempenda sana na ninayempenda hata sasa.

Nilipokuwa mdogo wote wawili walikuwa wembamba, lakini miaka ile nani alikuwa mnene? Sukari ilikuwa kwa mgao, mafuta ya kupikia kwa foleni, na sabuni ilipokosekana tulifulia majani ya mpapai. Kisha mambo yakafunguliwa, ikawa ruksa kila kitu, maduka yakajaa mpaka nje. Mama Mkubwa alikuwa mjane aliyeishi nasi, akamwambia mama, "Mdogo wangu, watu wamekaa miaka na hamu ya chapati. Tuwapikie." Wakafungua mgahawa karibu na stendi. Wakakaanga, wakaonja, wakakaanga tena. Baba, karani wa shamba la mkonge aliyekuja nyumbani mwisho wa mwezi tu, alimzunguka mama akimtazama, akasema, "Sasa hata mimi naonekana mtu."

Mama alijaa kwa furaha, na sikumwona mtu akiubeba unene kwa raha kama yeye. Lakini magoti yakaanza kuvimba, yake na ya dada yake, mpaka wakawa wanapika wamekaa kwenye viti viwili vinavyotazamana, wakinituma mimi kuinua kila kitu. Watu walisema ni baridi yabisi. Mama Mkubwa alisema ni kijicho cha wenye migahawa mingine.

Lililomuumiza mama zaidi lilikuwa Bibi, mama yao. Bibi aliishi juu Vudee, na hakutaka kusikia habari ya kushuka Same. "Huko kwenye vumbi na mbuzi nikafanye nini?" Gari huishia sokoni Vudee, na kutoka hapo mpaka kwake ni njia ya miguu, mlima mtupu. Mama alikuwa hajapanda kwa Bibi tangu magoti yaanze. Kila ilipofika taarifa kutoka mlimani alishika kifua kwanza, ndipo akauliza. Aliniambia wazi: "Naogopa mama atakufa hajaniona."

Basi wakaenda hospitali, kwa ajili ya mlima ule hasa. Daktari, kijana mpole, aliwaeleza kwamba mafuta ya mwilini si mzigo tu kwa magoti. Yenyewe huchochea uvimbe. Wapunguze mwili, waache vya kukaanga na sukari, wale majani, maharage na samaki. Mama Mkubwa alitoka mle ameshaokoka. Watani wetu husema Mpare ni bahili wa chakula, na kwa Mama Mkubwa walikuwa hawajakosea sana. Kunyima kulimjia kwa urahisi, sasa akawa na idhini ya daktari. Tukala makande yasiyoonja mafuta. Tukala mnavu, na perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu waliochemshwa kwa chumvi. Chai ilikuwa ya tangawizi, bila sukari, nami nililia.

Walijipima kwenye mizani ya magunia sokoni. Mfanyabiashara wa nafaka kutoka Kihurio alimuuliza mama, "Mama, nikuandike mchele au mahindi?" Mama akacheka mpaka mizani ikakataa kutulia.

Wakapungua. Miaka ile mtu akikonda hakuulizwa anakula nini. Watu walikuwa wameshajua, au walidhani wameshajua, na walinong'ona jina la ugonjwa ule. Jirani alituletea supu ya kuku akanishika bega kama yatima. Mama alimshukuru kwa adabu zote, na alipoondoka Mama Mkubwa akasema, "Anatuzika tukiwa tunampikia maandazi!" Supu hakutuonjesha, ilikuwa na mafuta.

Magoti ya Mama Mkubwa yakapoa. Nasema yakapoa kwa sababu niliyakanda kila jioni, najua. Pasaka ikamkuta anapanda Vudee kwa miguu yake, akarudi na mkungu wa ndizi na salamu za Bibi, akizunguka mgahawa bila kushika meza. Mama alimpokea kwa vigelegele, kisha akageuka akafuta macho. Yeye alikuwa amekonda zaidi ya dada yake, lakini asubuhi vidole vilikataa kushika kikombe, na magoti yake ukiyasogezea kiganja ulihisi joto hata kabla hujayagusa.

Mama Mkubwa alivumilia kidogo, akashindwa. "Tunakula pamoja, tunalala chumba kimoja. Mimi nimepona. Wewe unakula nini nisichokiona?"

"Sili kitu, dada."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mwizi wa chapati je?"

Ningekuwa mama ningerusha mwiko. Mama hakurusha kitu. Aliacha kula hata makande, ili dada yake aone kwa macho yake. Alikaanga maandazi ya wateja akiwa na maji tu tumboni, mpaka asubuhi moja akaanguka kando ya karai, na ni Mungu tu aliyemwangusha upande usio na moto.

Daktari yule yule alimpima, akamgeukia Mama Mkubwa. "Huyu hakuiba. Kupungua kumemsaidia, angebaki mnene angeumia zaidi. Lakini watu wawili wanaweza kula chakula kimoja, wakapungua sawa, uvimbe ukamwacha mmoja na kubaki kwa mwingine. Wengine wanazaliwa na mwili unaojichoma wenyewe. Mara nyingi, kwa sehemu, huwa ni kitu cha kurithi. Kwenu kuna mwingine?"

"Hakuna," Mama Mkubwa alijibu haraka. "Mama yetu ni mwembamba kama ufito, hajui hata ladha ya soda."

Siku hizi hayo ya kurithi yana jina zuri, vinasaba. Wakati ule Mama Mkubwa aliuona ni upole wa daktari tu. Nyumbani alimpa mdogo wake uji kwa mkono wake, akamfunika shuka, lakini usoni mwake hakuwa ameamini, na mama aliuona uso ule. Dawa alizoandikiwa zilimtuliza kidogo. Hazikumtosha kwa mlima.

Kisha mjomba, mdogo wao anayeishi Vudee, akaleta habari kwamba Bibi amedhoofika. Asubuhi haamki mpaka jua lipande sana, na anamtaja binti yake mdogo. Mama hakushika kifua safari hii. Alisema, "Nibebeni."

Kule milimani mgonjwa hushushwa kwa machela kwenda hospitali. Anayepandishwa kwa machela ni maiti anayerudi kuzikwa kwao. Sijawahi kusikia mwingine. Kwa hiyo mjomba na wenzake watatu walipomweka mama mabegani pale sokoni Vudee, watu waliokaa wakasimama. Njia nzima ilikuwa hivyo. Wanaume walivua kofia, wanawake walitua kuni, mzee mmoja akaanza wimbo wa maziko. Mama akainua kichwa kwenye machela. "Shikamoo, mzee." Mzee alirukia kwenye migomba. Alipomaliza kutetemeka ndipo akasema, "Marahaba," na mama alicheka mpaka wabebaji wakalazimika kumtua. Mjomba alimwambia, "Dada, ungekuwa yule wa mwaka jana tungekuacha mtoni."

Karibu na nyumba mama alitaka kushuka. Hakutaka mama yake aione machela kwanza. Akatembea kipande kile kifupi akimwegemea dada yake, akiuma mdomo, na mimi nyuma nimeshika kanga yake nisijue namsaidia nini.

Bibi alikuwa amekaa kigodani mlangoni. Alimtazama mwanawe kwa muda mrefu. "Nani amemmaliza mtoto wangu?"

Mama alikaa chini miguuni pake, akaweka kichwa mapajani kwa mama yake. Mama Mkubwa akainama kumsalimu Bibi, akaegemea goti la mama yake ili asianguke. Akaondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtoto aliyekuwa amelifanya: alipandisha gauni la Bibi. Miguu ilikuwa mikavu, mifupa mitupu, na katikati yake magoti yamevimba, yanang'aa.

"Mama, haya yameanza lini?"

"Haya?" Bibi alishusha gauni, amechukia kidogo. "Ninayo tangu hujazaliwa. Mama yangu naye alikuwa nayo. Ni magoti ya kwetu."

"Mbona hukutuambia?"

"Nani huwasimulia watoto magoti yake?"

Mama Mkubwa akakaa palepale chini, kwenye vumbi. Akarudisha kiganja kimoja kwenye goti la mama yake, akaweka cha pili kwenye goti la mdogo wake, akaviacha hapo.

"Moto ni uleule," alisema. "Mdogo wangu, ulikuwa na njaa kweli."

Akaanza kulia kwa sauti, akaomba radhi, akashindwa kuimaliza. Na mama, ambaye ndiye aliyekuwa anaumwa, ikabidi amvute dada yake kifuani ambembeleze.