Pua ya Kaisari

Shangazi yangu Apfia huuza supu ya dengu kwenye lango la mji wetu, Stratonikea, na sauti yake hufika sokoni kabla ya harufu ya vitunguu. Aliolewa ana miaka arobaini na mbili, watu wameshamkatia tamaa. Mumewe, Uliade, alikuwa mvunja mawe. Siku ya harusi alimfungia mshipini sarafu ya shaba ya mji wetu, yenye Kaisari kijana na mkewe uso kwa uso. Aliichagua miongoni mwa nyingi kwa sababu iligongwa kombo, pua zao zikagusana.

"Kwenye nyingine wanatazamana tu," alisema. "Hawa wanabusiana."

Miaka miwili baadaye jiwe lilimwangukia machimboni. Shangazi akabaki na sarafu.

Kisha ikaja amri: mke wa Kaisari amefukuzwa, uso wake usionekane tena popote. Meza ikawekwa sokoni. Fundi Menipo akashika patasi, karani Trifoni akasimama kando yake, watu wakapanga foleni na shaba zao. Tak! Mke anatoka, mume anabaki akikodolea shimo. Tulitoroka darasani kwenda kutazama, na sijutii viboko nilivyokula.

Shangazi hakupanga foleni. Trifoni akamwita kwa sauti: "Mama Apfia! Lete hiyo ya mshipini."

"Ya mume wangu hii."

"Ya Kaisari hiyo! Lete, au nikuletee askari."

Akaja, upawa mkononi, akaibwaga sarafu mezani.

"Haya, gongeni. Ila Menipo, mwanangu, hebu kwanza nionyeshe pua ya mke inaishia wapi na ya Kaisari inaanzia wapi."

Menipo akainama, akaigeuza kwenye jua. "Hata unywele haupiti hapa, mama."

"Basi patasi ikiteleza ikamkata Kaisari pua, atakayeulizwa nani? Mimi mpika dengu, au karani aliyeamuru?"

Juzi tu, mji wa jirani, mtu alifungwa kwa kukwaruza sanamu ya Kaisari.

"Gonga polepole," Trifoni akanong'ona.

"Gonga wewe, mzee." Menipo akamsukumia patasi.

"Trifoni, tutakulilia vizuri!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Trifoni hakuigusa ile patasi. "Ichukue," akasema mwishowe. "Lakini ukinunua nayo hata kitunguu kimoja, nakukamata."

"Nani kakwambia naiuza?"

Akaifunga tena mshipini, akaivuta mbele kabisa, akarudi kwenye chungu chake.

Kesho yake Trifoni alikuja kunywa dengu, maana hakuna zinazozishinda za shangazi. Alikaza macho kwenye bakuli. Shangazi akamsogelea, mshipi ukimfikia puani, akauliza, "Nikuongeze, baba?"